Saa ya Drumorrin

Mkunga Elspeth alishuka ngazi, damu imemfika viwikoni. Akawapita wanaume wawili waliokuwa wakingoja ukumbini, akafungua kijimlango cha saa kubwa, akaishika pendulamu iliyokuwa ikibembea mpaka ikatulia. Kisha akakifunika kioo cha ukutani kwa kitambaa cheusi.

Hakuna aliyeuliza. Pale Uskoti saa husimamishwa na kioo hufunikwa kwa jambo moja tu, kifo.

Ninian Carrick, wakili, hakumlilia mkewe. Alitega sikio.

Kwa baba yake alikuwa amerithi vitabu vya sheria, hasira na mkono mwepesi wa kupiga. Ardhi hakuachiwa hata ya kuzikia paka. Drumorrin, na kondoo wake na kinu chake, ilikuwa ya Grizel, mkewe. Lakini sheria aliijua vizuri: mke akifa, mume huishika ardhi yake maisha yote, mradi wamezaa mtoto aliyelia na kilio kikasikika. Kisiposikika, ardhi hurudi kwa ndugu. Na ndugu alibaki mmoja tu, Mungo, binamu yake Grizel, aliyekuwa amekaa pale tangu asubuhi na buti zake za tope, akinywa wiski ya wenyewe.

Grizel naye aliwahi kuiulizia sheria hiyo, juma lililopita wakati wa chakula, kidole chake kikiwa bado kimefungwa. Ninian alikuwa amekibana kwa mlango hadi kikavunjika, kwa sababu ya saini ya kumwandikia ardhi, aliyonyimwa. Akamweleza yote. Grizel akauliza tena, je, mrithi akiua mtu, anarithi nini? Ninian alicheka hadi akapaliwa na supu, akamwambia huyo hurithi kamba ya kunyongewa.

"Mtoto amelia?" Ninian sasa alimuuliza Elspeth.

"Sijasikia kilio, bwana."

"Umesikia." Akamkamata kifundo cha mkono, akakipinda. "Mara moja, kwa sauti ndogo. Ndivyo utakavyoapa."

Mungo akaweka gilasi chini. "Shemeji, wewe ukipewa maiti utaifundisha kutoa ushahidi."

"Toka nyumbani kwangu."

"Kwako wapi? Ulikaribishwa kitandani, ukadhani umepewa nyumba." Mungo alisimama, akajinyoosha. "Mimi nilimkatia Grizel mkanda wa tandiko, akaanguka kutoka kwenye farasi, akavunjika bega tu. Wewe umemzalisha, kazi imekwisha. Ahsante sana, wakili."

Ninian alimpiga ngumi ya mdomo kabla hajamaliza kucheka. Mungo akachomoa kisu kiunoni, akamchoma begani, wakaanguka pamoja na meza na chupa. Walibiringishana kwenye vigae vya sakafu. Mungo alimng'ata sikio akaling'oa nusu, akalitema. Mkono wa Ninian ukapapasa kwenye majivu ya meko, ukakutana na chuma cha kuchochelea moto.

Pigo la kwanza lilivunja taya. La pili lilimfanya Mungo adondoshe kisu na kupiga magoti. Ninian angeweza kuishia hapo. Mungo alikuwa ameinua mikono mitupu, akiomba kwa mdomo usiotamka kitu, na wafanyakazi walikuwa wamejaa kwenye mlango wa jikoni wakitazama. Lakini Ninian aliiona Drumorrin ikimponyoka, akainua chuma kwa mikono miwili. La tatu lilipasua fuvu.

Saa haikulia. Elspeth alikuwa amesimama chini ya ngazi, uso umegeukia juu.

Ndipo huko juu kitoto kikalia.

Kililia kwa nguvu, kilio cha kichanga chenye afya na hasira. Ninian aliangusha chuma. "Mmesikia?" aliwauliza wafanyakazi, damu ikimtiririka shingoni. "Nyote mmesikia? Mtaapa mbele ya hakimu?"

Mpishi akajibu polepole kwamba wamesikia, na kwamba wataapa.

Ninian aliingiwa na furaha. Akakaa kwenye ngazi ya chini, akicheka na kulia. Ardhi ilikuwa yake, kinu chake, kondoo wake, wala hapakuwa na ndugu tena wa kuigombania.

Nyuma yake ubao wa ngazi ulilia. Akageuka.

Grizel alikuwa akishuka peku, hatua moja moja, rangi imemtoka, mtoto mkononi. Akampita mumewe. Akautazama mwili wa Mungo, akakitazama chuma, kisha akawatazama wafanyakazi mmoja mmoja.

"Nimemtoa titini ndipo akalia," alimwambia Elspeth. "Ahsante. Umefanya vilevile nilivyokutuma."

Akafungua kijimlango cha saa, na kwa mkono wenye kidole kilichopinda akaisukuma pendulamu.

"Haya, atumwe mtu kwa hakimu."