Sukari ya Kutazamwa

Mfuko wa sukari uliingia chumbani kwa Bi Tatu saa tatu asubuhi, na saa saba ulitakiwa uwe umesharudi dukani. Ukafuatwa na miche minne ya sabuni, dumu la mafuta, mkate, na kanga mpya ya kutandika kitandani.

"Mkate ukate, vingine usifungue," alisema Sadalla, balozi wa nyumba kumi. "Wageni wanatoka Ulaya Mashariki. Wanataka kuona watu wa Kariakoo tunavyoishi."

"Waone nini, Balozi? Vitu vya dukani?"

"Usinitie aibu, Bi Tatu."

Eti aibu. Nyuma ya pazia amelala Sitara, binti wa Tatu, mzazi wa siku nne, anakunywa uji wa chumvi na maziwa hayamtoki. Wiki nzima Tatu amepanga foleni kwenye duka hilohilo, alfajiri jiwe lake likimshikia nafasi, na kila siku anaambiwa sukari hakuna. Kumbe ipo, ila ni ya kutazamwa. Kwa hasira hizo, wageni walipobisha hodi akawakaribisha kwa shida.

Walikuwa wanne. Wanaume watatu wakapiga picha, wakatoka kuvuta sigara uani. Akabaki mama mmoja mwenye mvi, aliyejifunza Kiswahili hukohuko kwao, na huyo maswali hayakumwisha. Mnaamka saa ngapi? Maji anachota nani? Jana mlikula nini? Tatu akajibu mkatomkato. Mtu anavuka bahari zote hizo kuja kuchungulia sufuria ya mwenzie, huo si umbeya ni nini?

Akammiminia chai ya rangi. Mgeni akaonja, akautazama ule mfuko.

"Haina sukari," alisema.

"Mtaa huu hatupendi vitu vitamu," Sadalla akawahi kujibu.

Mgeni akaweka kikombe chini. Akaipapasa kanga ya kitandani, ingali na mikunjo ya dukani. Akaugusa uzi wa mfuko, pale uliposhonwa. Kisha, bila hata kuomba ruhusa, akafunua pazia na kumwangalia Sitara na bakuli lake la uji.

Hapo Tatu hakuvumilia tena. Mzazi hachunguliwi na mtu baki.

"Mama, huko si maonyesho," alisema. "Umeshaona tunavyoishi. Nenda kawasimulie wenzio."

Sadalla akashika kichwa. Mgeni akarudi taratibu, akachukua kisu cha mkate, akalipasua tumbo la ule mfuko, na sukari yote akaimwaga kwenye ndoo tupu ya Tatu.

"Kwetu nako huletwa wageni," alimwambia Tatu kwa sauti ya chini. "Mimi waliniletea nyama, nikachelewa kuitia chunguni, wakairudisha dukani."