Sufuria la Watu Watatu

Katika mji ule vyombo vya nyumbani havikumtii mtu mzima. Kila nyumba ilikuwa na kompyuta ndogo ya kutosha kiganjani, na amri zake ziliandikwa darasani na mtoto wa nyumba hiyo. Mkubwa akiigusa, inajizima.

Shani alipokuwa darasa la tatu aliiandikia kwamba sufuria lisifunguke mpaka yeye, baba na mama waketi mkekani wote watatu. Baba yake alicheka mpaka akajifuta machozi. "Mtoto huyu kanikomesha!" alisema, na hakuchelewa tena chakula cha jioni hadi alipofariki.

Tangu matanga yaishe, Mwanahawa, mama yake Shani, na bintiye walikula mkate na chai. Hata hivyo kila jioni Mwanahawa alitandika mkeka, akaweka sahani tatu, na kompyuta ikasema kwa sauti ya Shani, "Baba bado. Tumsubiri." Mwanahawa hakulia. Alisubiri.

Leo Shani alirudi kutoka shuleni akasema, "Pika, mama. Nimeirekebisha, na mwalimu ameikagua."

Mwanahawa akapika wali. Wakaketi wawili, na mfuniko ukafunguka wenyewe.

"Umemfuta baba?" aliuliza bila kuinua macho.

"Hapana, mama. Nimeiambia keshakula."

"Baba keshakula," kompyuta ikaitikia. "Karibuni."

Mwanahawa akampakulia mtoto. Kisha akaichukua ile sahani ya tatu, iliyokuwa safi, akaenda kuiosha.