Pikapu Iliyotangulia Boksi Lake

Naapa kwa masharubu yangu, haya ni kweli tupu, sijatia chumvi hata chembe.

Shemeji aliingia sebuleni ameinua simu juu kama mtu aliyebeba kombe. "Wajapani wametangaza! Pikapu ya zamani, ya plastiki, ya kuunganisha mwenyewe. Inatoka mwisho wa mwaka."

Mzee Gundi hakugeuka. Tangu astaafu, kazi yake ni kubandika vigari vya plastiki, na vidole vyake hunata hata akikusalimia. "Hiyo? Mimi nimeshaimaliza."

"Umeimaliza vipi na kiwandani hawajaanza hata kuiuza?"

"Nina mtu wangu kule."

"Mtu wako kule! Wewe hata mtaa wa pili huna mtu." Shemeji akapapasa masharubu yake. "Lete picha kesho. Ukileta, nanyoa haya. Usipoleta, nakunyoa wewe, tena kwa mkono wangu."

Mzee Gundi akayafunika ya kwake kwa kiganja. Masharubu yale aliyalea kwa upole kuliko alivyolea wanawe.

Kesho yake picha ikaja. Mbele chupa ya gundi, nyuma yake pikapu, ndogo kuliko chupa. Shemeji akaikuza kwa vidole.

"Umeweka mpaka kutu!"

"Kutu ndiyo ufundi wenyewe."

"Na tairi moja halina upepo!"

"Hilo lilinitoa jasho, shemeji."

"Na hili vumbi la kwenye kioo je?"

"Brashi ya unywele mmoja."

Shemeji akanywea. Akaomba wembe na maji, akajipaka povu puani mpaka mdomoni. Mzee Gundi akasogeza kiti karibu, asipitwe na kitu.

Ndipo mkewe, dada yake shemeji, akapita na birika la chai, akaichungulia ile simu.

"Jamani, paka wangu! Nahangaika kumtafuta, kumbe amelala chini ya ule mkweche wako wa pikapu uani, mume wangu. Hebu mwoneni anavyopiga miayo!"

Shemeji akajifuta povu, taratibu, bila haraka yoyote. Wembe hakuuweka chini.

Basi, msomaji wangu, niwie radhi, naishia hapa. Shemeji anasema nikizidi kuandika nitatikisika, na upande wa kushoto bado hajaufikia.