Habari za Gihosha

Irène alivua nguo za msiba ndani ya choo cha hospitali, akazikunja, akazisukumia chini kabisa ya mkoba. Akanawa uso. Kisha akapanda ghorofani kumlisha mumewe uji.

Astère alikuwa amelala chali, shingo imebanwa na kola ngumu. Madaktari walikuwa wametoa diski mbili za uti wa shingo zilizochakaa kwa miaka ya kuendesha malori, wakaunganisha mifupa kwa bamba la chuma. "Asitikisike," daktari alimwonya Irène. "Hata kilio kitamwumiza." Basi yeye na shemeji zake wakakubaliana: mpaka kola itakapotoka, Astère asiambiwe kwamba mama yake alifariki alfajiri ileile ya upasuaji.

"Mama iko namna gani?" Astère aliuliza.

"Iko bien," Irène alijibu. Akampa kijiko kingine cha uji.

Waliporudi nyumbani Ngagara, wageni walionywa langoni. Kila asubuhi Irène alimkanda mumewe vidole, vilivyokuwa bado na ganzi, naye Astère akauliza habari za Gihosha, kwa mama.

"Jana alikula nini?"

"Ndagala. Halafu akagombana na jirani juu ya kuku."

"Kuku gani?"

"Ile nyeusi. Iliingia mu jikoni yake."

Astère alisikiliza huku amefumba macho. Hakuomba hata mara moja apigiwe simu aongee na mama, na Irène alishukuru kimoyomoyo. Uongo ulimtoka kwa urahisi kuliko sala. Hakuwa amelia, hata kaburini. Mwili ulitembea, ukapika, ukafua, lakini ndani hakusikia kitu. Akaendelea tu: mama amekataa dawa za presha, mama amemcheka padri, mama amepanda maharagwe nyuma ya nyumba.

Taratibu ganzi ikamtoka Astère. Akaweza kushika kikombe, kisha kufunga vifungo vya shati. Mwishowe picha ilionyesha mifupa imeshikana, na daktari akaifungua kola. Shingo iliyotokea ilikuwa nyembamba, imepauka.

Jioni hiyo Irène alimketisha sebuleni, akapiga magoti mbele yake. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima.

"Papa Joëlla, kuna kitu tulikuficha. Mama..."

Astère akageuza kichwa polepole, akamtazama.

"Jirani yake alinipigia simu asubuhi ile, kabla baniingize mu operesheni," alisema. "Mi nilijua, Mama Joëlla."

Akamshika mkono, akafumba macho.

"Lakini habari ya leo ya Gihosha bado haujanielezea."