Bakuli la Bi Salme

Ilikuwa mwaka 2008, wakati wa masika. Bi Mwanakheri alisimama nyuma ya kiti, akimtazama binti yake Raya akihangaika na kompyuta kongwe ya sebuleni.

"Mama, kila ukibonyeza anwani ya mtu, hufunguka programu ya barua pepe ambayo haijaunganishwa kamwe na akaunti yako. Unaandika, unatuma, barua inabaki humu humu. Tazama."

Bi Mwanakheri alivaa miwani. Juu kabisa ya orodha ya barua zisizotoka ulikuwapo mwaliko wa harusi ya Raya, ambao yeye mwenyewe alimwandikia shoga yake, Bi Salme.

Bi Salme hakuja harusini, na alipojitetea kwamba hakualikwa, Bi Mwanakheri alimwita mwongo mbele ya wanawake wote kwenye msiba wa jirani. Tangu siku hiyo hawakusemezana, na bakuli la Bi Salme, lile alilomletea tambi za Idi, lilikaa kabatini mwa Bi Mwanakheri bila kurudishwa.

"Nimekwisha kuchagua programu inayofanya kazi," alisema Raya. "Nimtumie sasa, pamoja na samahani?"

"Nilimtukana kwa kinywa changu, mwanangu. Kompyuta haihusiki tena."

Alikaanga kaimati akalijaza bakuli, maana kwao haikuwa adabu kurudisha chombo cha mtu kitupu. Mvua ikimnyeshea, alibisha hodi mlangoni kwa Bi Salme.

"Nani?"

"Mimi, shoga. Mwongo ni mimi."

Kitasa kilizunguka nusu, kikasimama. Bi Mwanakheri alilinyoosha bakuli kwa mikono miwili, mvuke wa kaimati ukipanda mvuani.