Upande Huu wa Reli

Mlango ulipogongwa, mama alikuwa bado anamfunga binti yake vifungo vya sare.

"Ni yeye," wifi yake alinong'ona kutoka dirishani. "Mkaguzi wa makazi. Juzi kamtoa mtoto wa fundi viatu darasani, wenzake wote wanatazama."

Nyumba haikuwa na njia nyingine ya kutokea; hata ua ulizungushiwa ukuta. Wifi, fundi cherehani asiyebabaika ovyo, alimsukumia mama beseni la nguo pale uani.

"Kuanzia sasa wewe ni dobi. Humjui mtu. Na wewe Chiriku, huo mdomo leo utie kufuli."

Sheria ilikuwa nyepesi kuisema: shule ya upande huu wa reli ni ya watoto wanaolala upande huu wa reli. Huku kulikuwa na maabara, vitabu na mwalimu wa kila somo. Ng'ambo, anakoishi mama, watoto walibanana sakafuni, na mwalimu wa hesabu alihama bila kuletwa mwingine. Shuleni walijua kwamba Chiriku anaishi hapa kwa shangazi yake, huyu fundi cherehani. Kumbe alivuka reli kila alfajiri, ameshikwa mkono na mama.

Mkaguzi aliingia bila tabasamu.

"Mtoto analala wapi?"

Shangazi alimwonyesha. Mkaguzi akainama, akabonyeza godoro kwa kiganja, kisha akainua macho darini.

"Mvua ikinyesha, hapavuji?"

"Hapavuji, bwana."

"Humu ndani kuna mlevi?"

"Labda cherehani yangu. Ikikosa mafuta inayumba."

Mkaguzi hakucheka.

Uani, mama alisikia kila neno. Alisugua shuka lile lile mpaka vidole vikawaka moto, midomo ikienda bila sauti. Ee Mungu, mfumbe macho huyu mtu. Asubuhi hii tu.

Mkaguzi alimgeukia mtoto. "Shangazi yako ni mkali?"

"Kidogo. Lakini akikasirika sana anaimba."

"Anakupiga?"

"Hapana."

"Ukiumwa usiku, anaamka nani?"

Chiriku alifungua mdomo, macho yakakimbilia uani. Shangazi akakohoa.

"Shangazi," mtoto alisema.

Mkaguzi aliyafuata macho ya mtoto. Kisha akaenda uani, akasimama mbele ya beseni.

"Dada, mtoto huyu unamjua?"

"Simjui, bwana. Mimi nafua tu."

"Hata kumwona?"

"Hata kumwona." Chozi la mama lilidondokea kwenye povu. Kwenye mlango wa uani, Chiriku naye alianza kulia.

"Nenda shule, mtoto," mkaguzi alisema. "Utachelewa."

Chiriku alitoka na mkoba wake, akigeuka nyuma kila hatua. Mkaguzi alisubiri kwenye mlango wa mbele mpaka mtoto akapotea kwenye kona, akaufunga mlango, akasukuma komeo.

"Sasa tuongee sisi wakubwa."

Shangazi alikaa kitako bila kutafuta kiti.

"Huyo mtoto ni wako," mkaguzi alimwambia mama. "Sura ni moja, na machozi yenu yametoka pamoja. Nimewafuata leo tangu mnavuka reli."

Mama aliliachia shuka. Alipiga magoti kwenye maji ya sabuni. "Bwana, nipeleke mimi unakotaka. Lakini usimtoe darasani. Akitolewa leo, ndiyo basi tena."

Mkaguzi alikwenda dirishani. Alichungulia kulia na kushoto, kama mtu anayeogopa kuonekana. Kisha akawasogelea.

"Jumatatu nitamleta wa kwangu, awe analala hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Sisi pia tunakaa ng'ambo. Ila msimzimie taa, tafadhali. Hajawahi kulala mbali na mama yake."