Salamu ya Empakaai

Mbele ya wanachuo wenzake wote, Naomi alimwinamishia baba yake kichwa, akasubiri.

Kwao Wamaasai mtoto hampi mzazi mkono. Mkono ni wa wageni. Mtoto huinama, mzazi akamgusa utosini. Baba hakuwa amemgusa tangu alipoikataa ndoa aliyompangia na kukimbilia masomo Karatu. Leo chuo kimekuja matembezi ya wikiendi, na mwongoza watalii wa kuwashusha ziwani Empakaai akawa yeye huyo huyo.

“Mzee, visiwa tulivyoahidiwa viko wapi?” Dennis, mwanachuo mwenzake, alidakia.

“Si vile vya pinki?” baba alimjibu. “Ni flamingo, rafiki yangu. Piga makofi uone kisiwa kikipaa!”

Wote walicheka, hata Naomi pale alipoinama. Wigi alikuwa amelivua kwenye gari, kiganja kisipate kizuizi, na sasa baridi ya mlimani ilimchoma utosini. Aliona katambuga za baba, zile ndara za matairi, zikisogea, zikasimama. Akafumba macho.

“Karibu Empakaai, dada.”

Alipoyafumbua, mkono wa baba ulikuwa umenyooshwa mbele yake, unangoja.

Naomi akaupokea kwa mikono miwili.